Sura ya Nne: Kenya Hutangulia Tanzania Rafuni

Kosa la kwanza la mwanafunzi wa fildi maktabani huwa lilelile. Anakabidhiwa toroli la vitabu vilivyorudishwa, anaambiwa avipange rafuni, na nusu saa baadaye msimamizi wake anapita nyuma yake akichomoa kimoja hapa, kimoja pale. Historia ya Tanzania ina lebo ya 967.8. Historia ya Kenya ina 967.62. Mwanafunzi ameitanguliza Tanzania, na akiulizwa sababu hasiti: kwani nane si ndogo kuliko sitini na mbili?

Ni ndogo, ila hapa hakuna sitini na mbili. Kuna sita, kisha mbili. Baada ya nukta, namba husomwa tarakimu moja baada ya nyingine, kama herufi za kamusi, na kwa kuwa sita hutangulia nane, vyote vinavyoanza na 967.6 hukaa kabla ya chochote cha 967.8. Likishamwingia hilo, rafu inageuka mbele ya macho yake. Anaanzia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenye 967.51, anapita Rwanda 967.571 na Burundi 967.572, anaingia Uganda 967.61, kisha Kenya 967.62, anagusa Somalia 967.73, anafika Tanzania 967.8, huku Zanzibar ikiwa na 967.81 yake, na mbele kidogo Msumbiji inamsubiri kwenye 967.9. Nchi zote hizo anazimaliza kwa hatua mbili tatu.

Msimamizi mzuri hamkemei. Humwonyesha mara moja, kisha humwachia toroli la pili. Anajua uzito wa jambo lenyewe: kitabu kilichokosewa rafu kimepotea, hata kama mahali pake halisi ni umbali wa mkono tu. Katalogi itasema kipo. Kumbukumbu za kaunta zitasema hakijaazimwa. Msomaji aliyetoka Mbagala na kubadilisha daladala mara mbili ataambiwa hakionekani, na atarudi kwao mikono mitupu. Ndiyo maana kazi ya kusoma rafu, yaani kupita lebo kwa lebo kuhakikisha hakuna iliyoruka foleni, inastahili kufanywa asubuhi mapema kabla wasomaji hawajaingia, na mgeni akipewa kazi hiyo asione ametupwa pembeni. Siku tano za kusoma rafu humfundisha maktaba nzima: nini kipo, nini kimechakaa, na ni vitabu gani ambavyo karatasi yake ya tarehe haijagongwa muhuri kwa miaka kumi.

*

Jina la mafunzo haya hubadilika ukivuka mpaka. Tanzania mwanafunzi "anaenda fildi". Kenya mwenzake yuko "atachimenti". Barua rasmi za Tanzania husema mafunzo kwa vitendo, na kwa aliyekwisha kuhitimu husema mafunzo tarajali, naye mwenyewe huitwa mtarajali, jina litakalotumika hapa kwa wote wawili. Miongoni mwa wanaoripoti maktabani wamo wanaotoka katika chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989 na kinachoendeshwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wengine hutoka vyuo vikuu. Wanapelekwa kwenye maktaba za mikoa na wilaya, au Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, Tanganyika ikitimiza miaka sita ya Uhuru.

Tarehe hiyo ina maana yake kwa anayeijua historia ya maktaba katika eneo hili. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, yenye nguzo ndefu na simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi mwaka 1958 milango yake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyetaka kitabu cha kusoma alikuwa na njia chache sana. Mojawapo ilikuja mwaka 1948, ilipoundwa East African Literature Bureau, iliyochapisha vitabu kwa lugha za hapa na kuendesha pia huduma ya kuazimisha: masanduku ya vitabu yakapelekwa mikoani, na vingine vikasafiri kwa posta hadi kwa msomaji. Mwaka 1960 Sydney Hockey alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba ya umma, yenye sheria na bajeti. Sheria zikafuata moja baada ya nyingine: Tanganyika 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Na kwa kuwa maktaba haiendeshwi na sheria bali na watu, mwaka 1963 shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ikaanzishwa Makerere.

Kwa hiyo anayeripoti leo na bahasha yake ya kaki anaingia kwenye kazi changa. Wapo wastaafu walio hai ambao waliikuta ikianza.

Lugha, hata hivyo, ilikuwa tayari kabla ya sheria. Maktaba, kitabu, katibu na mkutubi ni maneno ya ukoo mmoja, shina lake la Kiarabu likiwa na maana ya kuandika. Na kuna neno jingine ambalo mtu wa kaunta hulitumia kutwa nzima bila kulitafakari. Kiswahili kimetenganisha kukopa na kuazima. Mtu hukopa sukari au fedha, kisha hurudisha sukari nyingine na noti nyingine. Lakini sufuria huazimwa: inayorudi lazima iwe ileile, na ikirudi na tundu kuna maelezo ya kutolewa. Kitabu cha maktaba kiko upande wa sufuria. Msomaji mpya akielezwa hivyo wakati anajaza fomu ya uanachama, masharti yote ya ukurasa wa pili anayaelewa kwa pamoja.

*

Katika maktaba ambazo kompyuta haijashika kazi yote, mtarajali bado hukutana na kadi na trei. Mfumo huo una jina la Nina Browne, mkutubi wa Marekani aliyeueleza mwaka 1895, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Kila kitabu kina kadi yake, imekaa ndani ya kimfuko kilichogundishwa upande wa ndani wa jalada. Msomaji naye ana tiketi zake ndogo zilizotengenezwa kama mfuko, moja kwa kila kitabu anachoruhusiwa kuchukua. Kitabu kikitoka, kadi yake huchomekwa ndani ya tiketi ya msomaji. Viwili hivyo husimamishwa pamoja kwenye trei, nyuma ya kibao chenye tarehe ya kurudisha, na tarehe hiyohiyo hugongwa muhuri kwenye karatasi iliyomo kitabuni. Kikirudi, tarehe humwelekeza mtu wa kaunta kwenye kibao, namba ya kitabu humwelekeza kwenye kadi, na viwili hivyo hutenganishwa: kadi inarudi kwenye kimfuko chake, tiketi inarudi kwa mwenyewe.

Zoezi hili huchukua sekunde chache kwa mzoefu na dakika nzima kwa mgeni, ambaye vidole vyake bado vinashikana na kadi zilizolainika kwa jasho la miaka mingi. Lakini lina jambo moja zuri ambalo si rahisi kuligundua. Kadi ikishatoka kwenye tiketi, hakuna alama inayobaki kuonyesha nani alisoma nini. Mama aliyeazima kitabu cha saratani ya shingo ya kizazi, kijana aliyeazima cha dini isiyo ya wazazi wake, mwalimu aliyeazima cha talaka: wakirudisha, maktaba imekwisha kusahau. Kompyuta ni tofauti. Huhifadhi kumbukumbu, isipokuwa imeelekezwa kuzifuta. Koha, programu ya maktaba iliyotengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000 na leo hutumika katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu haina malipo ya leseni, ina sehemu ya kupanga kama historia ya usomaji itunzwe au ifutwe. Jina lake kwa Kimaori lina maana ya zawadi. Mtarajali anayejua kuingiza kitabu kwenye Koha amejifunza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufunga mdomo. Jina la kitabu halitangazwi kwa sauti mbele ya foleni, na jioni halisimuliwi nyumbani.

Ipo pia kazi ya mikono ambayo darasani hupewa saa chache na maktabani hupewa meza nzima: ukarabati. Kitabu hakivutwi kwa kushika kichwa cha mgongo wake, kwa maana hapo ndipo hupasukia. Husukumwa wenzake wawili wa pembeni kidogo ndani, kisha chenyewe hushikwa katikati ya mgongo. Vumbi hupanguswa kitabu kikiwa kimefungwa, brashi ikielekea mbali na mgongo, la sivyo uchafu wote unazama kwenye mshono. Adui wa ukurasa uliochanika ni selotepu. Ni rahisi, ni ya haraka, na kwa wiki kadhaa inaonekana imemaliza kazi. Baadaye gundi yake inageuka rangi ya manjano, inazama kwenye karatasi, utepe wenyewe unakauka na kubanduka, na unaacha doa lisilotoka juu ya maneno yaleyale uliotakiwa kuyaokoa. Fundi wa vitabu hutumia karatasi nyembamba na gundi ya wanga, kisha huweka kitu kizito juu na kusubiri hadi kesho. Katika miji ya pwani husubiri hata zaidi, kwa sababu ya unyevu wa hewa. Unyevu huohuo ndio huleta ukungu, na mchwa nao hawabagui kati ya riwaya na ripoti ya Bunge.

*

Baada ya wiki mbili tatu mwanafunzi mwangalifu huanza kuona kwamba ule mpangilio wa namba, uliomtoa jasho siku ya kwanza, una kasoro zake. Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876 nchini Marekani, akaigawa elimu yote katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Aliigawa kwa jicho la alipokaa. Fungu la dini ni 200. Biblia ilipewa 220, na Ukristo ukaendelea kutanuka hadi 280 na ushee. Dini nyingine zote za dunia zilibanwa kwenye 290, na Uislamu mzima, Kurani, hadithi, fikihi, historia ya Mtume na tasawufi, ukapewa 297. Kwenye mji kama Tanga au Mombasa matokeo yake yanaonekana kwa macho. Namba moja imebeba rafu nzima, desimali zinarefuka hadi lebo inakaribia kuzidi upana wa mgongo wa kitabu, na mgeni aliyetumwa alete kimoja husimama pale akisoma tarakimu kama anayesoma namba ya vocha.

Fasihi nayo ni hivyohivyo. Kiingereza kina 820 yake, Kijerumani 830, Kifaransa 840. Fasihi ya lugha za Afrika, mamia kwa mamia ya lugha hizo, imewekwa pamoja kwenye 896, na Kiswahili kimepata 896.392. Riwaya za Shafi Adam Shafi, tamthilia za Ebrahim Hussein na mashairi ya Muyaka, vyote vimo humo. Namba hizi zimerekebishwa mara nyingi tangu zitolewe, lakini mifupa ya mwaka 1876 bado inaonekana. Mwanafunzi afundishwe kuzitumia vizuri na afundishwe pia zilitoka wapi. Mtu anayejua kwamba mpangilio ni kazi ya binadamu huwa mwepesi kumsaidia msomaji asiyeuelewa, wala hamwoni mjinga.

Majina ya waandishi ni somo jingine. Shaaban Robert aandikwe wapi? Zipo katalogi zinazomweka chini ya R, kwa kuchukulia kwamba Robert ni jina la ukoo kama la Wazungu, na zipo zinazomweka chini ya S. Robert lilikuwa jina la baba yake, na wasomaji wa Kiswahili humtaja kwa majina yote mawili pamoja, kama neno moja. Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia ya Hatia, ndiye Penina Mlama wa maandishi ya baadaye kuhusu utamaduni na maendeleo. Asiyejua atawatenga watu wawili, na mwanafunzi wa sanaa za maonyesho atakosa nusu ya kazi za mwalimu mmoja. Hapa mtarajali aliyekulia kwenye fasihi ya Kiswahili huweza kumsahihisha hata msimamizi wake, na msimamizi mwenye busara hufurahi.

*

Mmoja wa wakutubi wakubwa kuliko wote wa karne ya 20 aliichukia kazi hii alipoianza. S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati mjini Madras, India, alipoteuliwa Januari 1924 kuwa mkutubi wa chuo kikuu cha huko. Siku chache tu za ukimya wa ofisi hiyo zikamchosha, akaomba arudishwe darasani. Wakuu wake wakamshawishi aende kwanza Uingereza kusomea ukutubi, na akirudi bila hamu, nafasi yake ya ualimu atapewa. Akaenda. Alisoma University College London, lakini kilichomgeuza kilikuwa nje ya darasa: mwalimu wake, Berwick Sayers, alikuwa pia mkuu wa maktaba ya umma ya Croydon, kusini mwa London, na akampokea huko kwa mafunzo ya vitendo. Ranganathan aliwaona watoto, wafanyakazi na akina mama wakiingia mahali ambapo kitabu kilikuwa haki yao. Akatembelea maktaba nyingine nyingi. Mwaka 1925 alirudi Madras na hakuomba tena kuondoka. Mwaka 1931 alichapisha sheria zake tano za ukutubi, na nyingi zinaanzia kwa msomaji: vitabu vipo ili vitumike, na muda wa anayevitafuta una thamani.

Mtu mwenye akili ya namna hiyo alihitaji maktaba ya umma ya mtaani ili aelewe kazi yake. Ilikuwa miezi michache tu, chini ya msimamizi aliyempenda msomaji.

*

Kwenye kaunta ndipo mafunzo haya yanapokolea. Chukua mfano wa swali ambalo maktaba yoyote ya mkoa Tanzania inaweza kulipokea. Mzee anaingia, kofia mkononi. Kijana wa fildi anasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kitabu cha sheria."

Kijana wa wiki ya kwanza, akiwa na furaha ya kujua namba, humpeleka moja kwa moja kwenye 340 na kumwacha mbele ya majalada mazito ya Kiingereza. Mzee atafungua moja, atalifunga, atashukuru na kuondoka. Kwenye daftari la siku itaandikwa kwamba amehudumiwa.

Mkutubi mzoefu huvuta kiti. "Karibu ukae, baba. Sheria ya mambo gani hasa?" Ya ardhi. "Ya mjini au kijijini?" Kijijini. "Kuna mgogoro, au unataka kujua utaratibu?" Utaratibu: kuna shamba la marehemu baba yao, ndugu wamekubaliana, wanataka karatasi. Kwa maswali matatu, "kitabu cha sheria" kimekuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo ipo kwa Kiswahili, na ndani yake ni sehemu inayohusu hati ya hakimiliki ya kimila. Mkutubi huifungua ukurasa, humwonyesha mzee pa kuanzia, na kama miwani haikuja humsomea. Hamwambii nani ana haki ya shamba. Hiyo si kazi yake, na kijana aliyeketi pembeni ajifunze mpaka huo siku hiyohiyo. Anachoweza kufanya zaidi ni kumwelekeza kwa watoa msaada wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Wenye taaluma waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1876, uleule ambao Dewey alitoa namba zake, Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester huko Massachusetts, aliwasihi wenzake wakae karibu na wasomaji na kuzungumza nao. Mwaka 1968 Robert Taylor alieleza kwamba swali linalofika kaunta limeshapita safari ndefu: mtu huanza na haja asiyoweza kuitaja, kisha huipa umbo kichwani, kisha huipunguza iwe kitu anachodhani maktaba inaweza kukijibu. Mkutubi hulirudisha swali nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwenye haja yenyewe. Kwa Mswahili hili si geni. Hapa hakuna mtu mzima anayebisha hodi na kusema shida yake hapohapo. Kuna salamu, kuna habari za nyumbani, kisha ndipo lililomleta hujitokeza. Mwanafunzi aliyelelewa katika desturi hiyo ana mtaji mkubwa mkononi, na ni hasara kumwambia auache mlangoni kwa jina la kufanya kazi haraka.

*

Lipo kundi moja la wasomaji ambalo humchanganya kila mtarajali. Ndilo kubwa kuliko yote, na mara nyingi haliazimi chochote. Ni wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, na watu wazima wanaorudia mitihani, wanaokuja na madaftari yao, vitabu vyao na chupa zao za maji, wakakaa kutwa. Wanachotaka ni meza, taa, feni na ukimya. Wapo wakutubi wanaowahesabu kama wavamizi, kwamba wanajaza viti bila kugusa rafu. Hapo wanakosea. Nyumba yenye chumba kimoja na watu sita haina mahali pa kufanyia hesabu za kidato cha nne. Kiti cha maktaba ni huduma sawasawa na kitabu cha maktaba, na aliyekikalia kuanzia asubuhi hadi jioni amekitumia vizuri. Tena akishazoea kukaa, siku moja atainua kichwa, ataangalia rafu iliyo mbele yake na atauliza swali. Kijana wa fildi, ambaye pengine alikuwa kwenye kiti hichohicho miaka mitatu nyuma, ndiye mtu ambaye hataona haya kumwuliza.

Watoto hawana shida hiyo, wao huuliza tangu mlangoni. Chumba cha watoto kinahitaji mtu anayeweza kukaa mkekani, kusoma kwa sauti na kuacha kitabu kiguswe na mikono yenye mafuta ya maandazi. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania uanze mwaka 1991, vitabu vya Kiswahili vya umri huo vimeongezeka, na mwanafunzi anayesoma ukurasa mmoja kwa sauti mbili, ya fisi na ya sungura, atawaona walewale wiki inayofuata. Huko Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, tangu mwaka 1996 maktaba imekuwa ikiwafuata watoto kwa ngamia: mmoja amebeba masanduku ya vitabu, mwingine hema ambalo chini yake watoto huketi kusoma. Kanuni za kuazima ni zilezile za mjini, na tarehe ya kurudisha ni siku ambayo msafara utapita tena.

*

Kwa yote haya, kipindi cha fildi ni kifupi: wiki chache tu. Logibuku lina nafasi ya kuandika kazi ya kila siku, na wasimamizi wengi wamepitisha kurasa nzima zenye sentensi moja: kupanga vitabu, kupanga vitabu, kupanga vitabu. Mwanafunzi anarudi chuoni akiwa na mihuri yote na hajawahi kumsikiliza msomaji hata mmoja. Wakati mwingine sababu ni upungufu wa watumishi, na toroli haliwezi kusubiri. Wakati mwingine ni hofu kwamba mgeni ataharibu. Sababu zote mbili zinaeleweka na zote mbili zinaacha hasara, kwa kuwa kupanga vitabu hujifunzwa kwa siku tano na kusikiliza watu hakujifunzwi kwa kitabu kabisa.

Basi wakuu wa maktaba, mwanafunzi akiripoti Jumatatu na barua yake, mpeni rafu asubuhi na mchana mpeni kiti kaunta, kando ya mtumishi anayejua kuuliza maswali matatu kabla ya kunyanyuka. Wahadhiri, mkija kumkagua, msiishie kwenye logibuku. Simameni mita mbili kutoka kaunta, msikilize anavyompokea mtu. Na wewe msomaji, ukifika maktaba ya mkoa wako ukamkuta kijana mwenye kitambulisho cha mwanafunzi kifuani, usimruke ukamtafute mkubwa wake. Muulize yeye, tena swali lako lenyewe, si lile ulilolifupisha ukiwa njiani.